Mshipa wa Moyo Ukitoboka, Waya Usiutoe

Mwenzangu unayeanza kazi kwenye chumba cha katheta, yaani mirija myembamba inayopitishwa mishipani hadi moyoni, nakusihi uanze na hili: ateri ya moyo ikitoboka, waya mwembamba unaoongoza vifaa ndani ya mshipa usiutoe. Ukiona dawa ya rangi, inayofanya mshipa uonekane kwenye picha, inamwagika nje ya mshipa, mkono hutaka kuvuta kila kitu. Uzuie. Waya ndio njia yako ya kurudi penye tundu, na ukishautoa huenda usiipate tena.

Kisha puto dogo linalopita juu ya waya. Lifikishe penye tundu au kabla yake kidogo, ulijaze kwa presha ndogo inayotosha kuziba tu, halafu piga picha uone kama uvujaji umekoma. Msibishane kuhusu stenti (kijibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya mshipa) damu ikiwa bado inamwagika. Puto likishaziba, mmepata dakika za kufikiri: aitwe daktari wa upasuaji, iletwe eko (mashine ya kupima moyo kwa mawimbi ya sauti), iandaliwe sindano ya kutolea damu kwenye mfuko wa moyo. Presha ya mgonjwa ikiporomoka kwa sababu moyo umebanwa, itoeni damu hiyo mara moja.

Ngazi za Ellis za mwaka 1994, zinazopanga uzito wa tundu la ateri ya moyo, zijue kwa moyo. Ya tatu, yenye tundu la milimita 1 au zaidi na rangi inayotiririka, ndiyo inayoua haraka. Tundu la namna hiyo kwenye mshipa mkubwa, puto lisipotosha, huhitaji stenti iliyofunikwa kwa utando. La mwishoni kabisa mwa mshipa mwembamba huzibwa kwa koili (kijiwaya kilichosokotwa) au hata kipande cha mafuta ya mgonjwa mwenyewe. Na protamini? Hiyo hubatilisha kazi ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, lakini vifaa vikiwa bado ndani ya ateri, damu inaweza kuganda humo humo. Mimi huona afadhali kuvitoa kwanza, tundu likishazibwa.

Linaloniumiza zaidi ni tundu dogo la ncha ya waya, hasa zile nyaya zenye utando unaoteleza. Picha ya mwisho inaonekana safi, mgonjwa anaongea vizuri, anapelekwa wodini. Saa kadhaa baadaye presha inaanza kushuka polepole na watu wanadhani amepungukiwa maji. Kwa hiyo wakati wote wa kazi, itazame ncha ya waya, si puto peke yake. Ukiwa na shaka, mwambie nesi wa zamu ana kwa ana, na uagize eko irudiwe hata kama mgonjwa hana malalamiko.