Ukikaa kimya nyuma ya kamera modo anadhani anaharibu

Shuti yangu ya kwanza ya picha na modo (mwanamitindo) wa kweli nilijiandaa wiki nzima, betri nne zimejaa chaji, memori kadi tatu, lenzi nimezifuta mpaka zinang'aa, usiku wake sikulala vizuri nawaza taa niiweke upande gani. Siku yenyewe dada wa watu akafika, akapakwa meikapu, akasimama mbele ya pazia jeupe, mi nikaanza kubonyeza. Dakika arobaini. Naangalia kioo cha kamera, nakunja uso, nasogeza taa, narudi, nabonyeza, nakunja uso tena. Mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka samahani, kuna kitu nakosea?" Maskini, kumbe kila nikikunja uso anajua ni kwa ajili yake, wakati mi nilikuwa nagombana na kivuli cha pua. Picha zote za siku ile sura inaomba msamaha.

Sasa ni miaka kadhaa napiga picha za watu na za mitindo, sina bosi, wateja natafuta mwenyewe taa nabeba mwenyewe, na kama kuna kitu natamani mtu angeniambia mapema ndo hicho. Modo hajioni. Anaona duara jeusi la lenzi na mtu amejificha nyuma yake basi, hajui kama bega limekaa au kola imejikunja, hajui kama unafurahi au umeshajuta kumwita. Kwahiyo ongea. Unasogeza taa, sema "nasogeza taa, we uko poa". Unabadilisha lenzi, sema. Ila usimwage sifa hovyo, "umependeza" ukiisema mara hamsini haina kazi tena, bora useme kitu anachoweza kukirudia, kama "hapo ulipogeuza bega, rudi hapohapo, taratibu". Na ukipata picha moja nzuri mapema mwonyeshe kwenye kioo cha kamera, moja tu, utaona mabega yanavyoshuka. Mbaya usimwonyeshe hata kwa utani.

Halafu kuna ile sentensi tunayoipenda wote, "kuwa kawaida tu". Jamani, mtu amevaa gauni ambalo sio lake, uso una meikapu ya saa nzima, taa mbili zinampiga machoni, watu watano wanamtazama, awe kawaida vipi? Mpe kazi ya kufanya. Tembea kuja kwangu halafu nikisema geuka, geuka. Funga kifungo cha mkononi kama umechelewa mahali. Fumba macho, nikihesabu tatu fumbua. Hii sio akili yangu, wakubwa walishaifanya zamani, mpiga picha Philippe Halsman yule wa majalada mengi ya jarida la Marekani la Life, miaka ya 1950 alikuwa akishamaliza kazi anamwomba mtu aruke juu, na waliruka, Marilyn Monroe aliruka, Richard Nixon aliruka akiwa makamu wa rais wa Marekani na suti yake. Mtu akiwa hewani akili yote iko kwenye kuruka, hana nafasi ya kutengeneza sura. Mi siwarushi sana watu (viatu vya visigino virefu na kuruka haviendani, nimeshuhudia kifundo cha mguu kikivimba), ila wazo ni lilelile.

Mikono ndo balaa. Modo mgeni hajui mikono aiweke wapi na ukimwambia "legeza mikono" inakuwa kama mbao. Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alikuwa ameweka pale suti, saa, redio, mpaka Vespa, mteja akifika anachagua anachotaka kupigwa nacho. Ukiziangalia zile picha utaona mikono mingi ina kazi, imeshika kitu, imeegemea kitu. Tangu nilivyoligundua hilo sikosi kiti, kofia na koti la ziada hata kama havimo kwenye mpango. Na akigusa uso aguse kwa ncha za vidole tu, akibonyeza shavu linavimba kwenye picha utadhani anaumwa jino.

Vitu vingine vya pozi navipitia harakaharaka. Uzito kwenye mguu wa nyuma. Uso usogee mbele kuelekea kamera halafu kidevu kishuke kidogo, ukikifanya unajiona kobe lakini kwa mbele shingo inanyooka na taya inaonekana, mweleze sababu la sivyo atadhani unamtania. Avute pumzi, atoe, piga wakati anamalizia kutoa. Na usimkaribie sana na lenzi fupi: kinachoharibu sura ni umbali, ukisimama nusu mita pua inakuwa kubwa na masikio yanapotea, rudi nyuma kama mita mbili, weka lenzi ndefu kidogo, ya 85mm, mtu anafanana na mtu.

Kwa ngozi nyeusi usiiachie kamera iamue mwanga yenyewe. Kamera inapima kila kitu kana kwamba dunia ni ya kijivu, kwahiyo ukiweka modo mweusi mbele ya pazia jeupe inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, sura inazama, na ukimsogelea mpaka uso umejaa fremu inageuka, inaongeza, ngozi inapauka. Pima mwanga mwenyewe kwenye shavu, weka kamera manyuo (mwanga unaupanga we, sio kamera), tumia softboksi kubwa (lile boksi la kitambaa linalolainisha mwanga wa taa) na taa ya pembeni ya kumtenganisha na pazia. Nimeshakutana na mamodo wanaofika na wasiwasi mapema kabisa, "naomba usinifanye mweupe", maana walishafanyiwa.

Sasa kugusa. Hapa sicheki. Usimguse modo. Nywele imeangukia jicho, mwambie aitoe, au mwambie mtu wa meikapu. Pozi hajaelewa, simama ufanye mwenyewe, nimeshapiga pozi za gauni nikiwa na jinzi na kitambi changu, watu wanacheka na shuti inachangamka. Ikibidi kabisa kola irekebishwe na mko wawili, uliza, subiri ajibu, ndo unyooshe mkono. Kuna kile kisa cha mpiga picha Yousuf Karsh kumchomoa Winston Churchill sigaa (ile sigara nene) mdomoni mwaka 1941, mzee akakasirika, picha ikatoka na ile sura ya ukali ikazunguka dunia nzima. Wapiga picha wanakisimulia kwa furaha. Mi nawaambia vijana Churchill alikuwa waziri mkuu wa Uingereza, akichukia hukosi usingizi kwa ajili yake, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuja studio peke yake ukimfanyia ghafla hata kitu kidogo hivo hajui kinachofuata ni nini. Kwahiyo kwenye meseji ya kwanza kabisa naandika: njoo na mtu wako, ndugu au rafiki, na sehemu ya kubadilishia nguo ina mlango unaofungwa kwa ndani. Aina ya nguo zitakazovaliwa nataja hapohapo, sio aje akute kitu tofauti kimening'inia. Akiwa chini ya miaka 18 siongei naye, naongea na mzazi, na mzazi anakuwepo mwanzo mpaka mwisho. Mpiga picha anayemkataza modo kuja na mtu, eti anaharibu vaibu, dada zangu mkimbieni.

Niliyolipia gharama kubwa ni makaratasi. Mwanzoni tunafanya sana zile shuti za kubadilishana, hakuna anayemlipa mwenzake, yeye anapata picha za potifolio (mkusanyiko wa kazi zake wa kuonyesha wateja) na mi napata za kwangu, ni njia nzuri tu ya kukua. Nikafanya moja na dada mmoja, makubaliano yetu yote meseji mbili, "fresh kaka", "poa dada". Picha zikatoka kali. Kama miezi mitatu baadae mfanyabiashara mmoja wa nguo akaziona, akataka moja ya kutangazia, akanilipa vizuri, nikapokea nikachekelea, wala sikuwaza. Yule dada akaja kupigiwa simu na shangazi yake anaulizwa siku hizi unafanya kazi na wale, maana sura yako imebandikwa ukutani kubwa kama mlango. Akanipigia. Hakufoka, bora angefoka. Akasema, "Kaka si ungeniuliza tu." Nikampa nusu ya hela, akapokea, akashukuru, na hajawahi kusimama mbele ya kamera yangu tena.

Iko hivi. Sehemu nyingi hakimiliki ya picha inaanza kwa aliyepiga, ila sura ni ya mwenye sura, na kuitumia sura ya mtu kutangaza biashara kunahitaji ruhusa yake. Sheria za nchi zinatofautiana, soma za kwenu, lakini kokote uliko karatasi iliyosainiwa haijawahi kumuumiza mtu. Fomu yangu ni ukurasa mmoja, lugha ya kawaida: majina, tarehe, picha zitatumika wapi (potifolio tu, au mtandaoni, au matangazo), kwa muda gani, nani anapata nini, picha ngapi zilizoeditiwa na zinatoka lini, saini zetu na ya mzazi kama ni mtoto. Inasainiwa kabla ya meikapu. Baada ya shuti kila mtu amechoka anataka kwenda, atasaini chochote, na saini ya namna hiyo mi siihesabu. Na ile ahadi ya "ntakupa picha zote" usiitoe, picha mia sita ambazo mia tatu macho yamefumba sio zawadi, sema ntakupa kumi nzuri ndani ya wiki mbili, halafu toa kumi na mbili siku ya kumi.

Kupotezewa kutatokea. Modo atazima simu asubuhi ya shuti na we umeshalipia studio, utaumia kidogo utazoea. Kilichonisaidia ni kutuma mudibodi mapema, yaani picha za mfano za muonekano tunaoutaka, nane au kumi hivi sio hamsini, na jana yake kumpigia kabisa sio meseji, kama sauti inajiumauma namuuliza kiungwana kama siku nyingine ingemfaa. Wengi wanaopotea hawana dharau, wanaogopa. Na uliza saizi ya kiatu. Nguo ikizidi tunaibana nyuma na vibanio vya nguo, hakuna atakayejua, kiatu kidogo hakina dawa.

Na modo mzoefu ukimpata mpishe. Nilishawahi kufanya kosa la kumwongoza dada aliyekuwa kwenye kazi hii miaka mingi kuliko mimi, namwambia kidevu, namwambia bega, akanivumilia weee, mwisho akasema "bonyeza tu, ntabadilika kila ukibonyeza". Akawa anabadilika kila flashi ikipiga, kidogokidogo, kama anacheza muziki anaousikia peke yake. Siku ile kazi yangu ilikuwa kutokata miguu kwenye fremu.

Kuediti niliwahi kuzidisha, nani hajazidisha. Ufaransa tangu 2017 picha ya tangazo iliyobadilishwa umbo la mwili wa modo, kupunguzwa au kuongezwa, lazima iandikwe kwamba imefanyiwa marekebisho, na mi nadhani wamefanya la maana. Kanuni yangu ya nyumbani ni ndogo: kitakachoondoka chenyewe wiki mbili zijazo, chunusi, mkwaruzo, nakifuta. Cha kudumu nakiacha. Nimeifikia baada ya kumtumia kaka mmoja picha zake, nimezisafisha nikajipongeza, akanijibu zote nzuri sana kaka ila naomba nirudishie kovu langu la kwenye nyusi, mama yangu akiiona hii ataniuliza huyu ni nani. Bahati nzuri nilikuwa sijaseivu juu ya faili la mwanzo. Nikalifungua, nikalirudisha kovu, ikanichukua kama dakika mbili.