Kinanda cha Kukanyaga Kilivyonitia Adabu

Juzi msomaji ameniandikia: "Kaka, nimepata kinanda cha kale cha kanisa, kimekufa sauti. Nianzie wapi?" Nimecheka, halafu aibu yangu ikanirudia.

Changu ni cha kiwanda cha Estey, kule Brattleboro, Vermont, Marekani. Kiwanda hicho kilitoa vinanda zaidi ya 500,000, kwa hiyo usidhani umeokota lulu ya pekee. Nilikikuta stoo ya kanisa, kimebebeshwa madebe ya rangi. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, hizo si kuni?" Nilinyamaza. Mpaka leo linaniuma.

Pupa ndiyo iliyoniponza. Mvukuto ulikuwa umechanika, nami nikaubandika turubai kwa gundi nyeupe ya seremala. Turubai ni gumu, halikunjiki. Baada ya wiki mbili kinanda kikahema kama mgonjwa wa pumu. Kuibandua gundi ile kulinila mwezi mzima, na mbao nikazichubua. Mafundi wa kale walitumia gundi ya ngozi, ambayo ukiitia maji moto inaachia yenyewe. Tafuta hiyo, na kitambaa chepesi chenye mpira.

Halafu ujue, kinanda hiki hakipulizi, kinavuta. Unapokanyaga, hewa inanyonywa kupitia ndimi za shaba, vile vibamba vyembamba vinavyotetema na kutoa sauti. Mimi nilishinda kutwa natafuta upepo unapotokea, kumbe nilitakiwa kutafuta unapoingilia! Washa kijiti cha udi, kipitishe kwenye maungio: moshi ukimezwa, hapo pana tundu.

Noti ya So ya katikati ilikuwa bubu. Nikauchomoa ulimi wake kwa kindoano, nikaukuta umenaswa na mguu wa mende. Mguu tu, mende mwenyewe sikumwona. Brashi laini, ukalia. Ningeishia hapo! Lakini nikajitia ufundi wa kurekebisha sauti. Ukikwangua ncha ya ulimi, sauti inapanda. Ukikwangua shinani, inashuka. Na shaba iliyokwanguliwa hairudi. Nimeharibu tatu, na kila Jumapili zinaniumbua.

Vijana tunapenda vya haraka, tunataka kusifiwa kabla ya kujifunza. Acheni pupa. Narudia: acheni pupa, na msasa uwekeni mbali.

Jumapili iliyopita kimelia ibada nzima. Yule mzee aliimba besi kwa nguvu zote, hakunisemesha. Watu walipotoka nilimwona amerudi, ameketi kwenye kiti changu, anakanyaga polepole bila kubonyeza kitu.