Mgao wa nafasi za kazi: niliyoyaona nikiwa pande zote mbili za meza

Siku yangu ya pili kazini mwenzangu mmoja alinikaribisha chai, akanimiminia, kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba wote wamefurahi kuona "ile nafasi ya wenyeji" hatimaye imepata mtu, yaani nafasi iliyotengewa sisi watu wa Lamu kwa mgao. Hakukusudia ubaya. Lakini tangu saa ile, kila nilipokosea hesabu ndogo, nilijiuliza kama watasema nimekosea mimi au imekosea nafasi. Niliporudi nyumbani Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ami yangu, aliyetumia maisha yake akiwa nahodha, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wamekutaka wewe au wamelitaka kabila lako?" Sikumjibu, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nimeambiwa.

Miaka minne baadaye nilihamishiwa idara ya wafanyakazi, na katika kupanga majalada ya zamani nikakutana na la usaili wangu. Katika mtihani wa kuandika nilikuwa wa pili kati ya watu 11. Shirika lilikuwa na jibu la swali la ami ndani ya kabati kwa muda wote huo, wala halikuona haja ya kulitoa.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza kama mgao wa nafasi za kazi ni haki, huanza kwa kumuuliza mgao huo umewekwa wapi katika safari ya kuajiri. Mwajiri anayeamua kiwango cha chini cha kazi kabla ya kutoa tangazo, akakataa kumchukua yeyote asiyekifikia hata kama nafasi itabaki wazi na kutangazwa upya, kisha akatumia mgao kuchagua miongoni mwa waliokifikia, hajamdhulumu mtu. Anayeanza na jina la kabila au jinsia kisha akateremsha kiwango mpaka kimfae mtu aliyekwisha kumpata, huyo amewadhulumu wawili: aliyeachwa, na aliyechukuliwa, ambaye atabeba lawama asiyoijua chanzo chake. Na aliyefaulu apewe alama zake kwa maandishi. Ni karatasi moja tu, lakini mimi ingeniondolea miaka minne ya kujishuku.

Sheria zetu hazikuuacha ustahili nyuma, ingawa wengi hudhani hivyo. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataka ajira na kupandishwa vyeo katika utumishi wa umma kutokane na ushindani wa haki na ustahili, huku kikitaka pia jamii mbalimbali za Kenya ziwakilishwe na wanawake, wanaume na watu wenye ulemavu wapate fursa ya kutosha. Kifungu cha 27 kinasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili, na kifungu cha 54 kinataka angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo hivyo wawe watu wenye ulemavu, jambo litakalofikiwa hatua kwa hatua. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka katika kabila lenye wengi katika kaunti.

Hiyo ya mwisho ndiyo hutupima sisi watu wa Lamu. Barazani utamsikia mzee akidai, tena kwa hoja nzito, kwamba bandari ya Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi 2021, iwape wenyeji kazi kwanza. Na mzee huyo huyo, kabla kahawa haijapoa, ataghadhibika kwamba kaunti imemwajiri mtu wa mbali. Nami nilikuwa hivyo. Mgao ulionifaa niliuita haki, na uliomfaa mwenzangu niliuita upendeleo, na sikulitambua hilo mpaka nilipoketi upande wa pili wa meza.

Upande huo ulinifundisha kwamba mgao usioandikwa ulikuwepo zamani kabla ya ule ulioandikwa. Tulikuwa tunatafuta afisa wa kuzungukia Pate, Faza na Kizingitini, na tangazo lilidai leseni ya udereva, kwa kazi ya visiwani ambako afisa husafiri kwa boti, kwa bodaboda na kwa miguu. Hakuna aliyejua sharti hilo lilitoka wapi. Lilinakiliwa tu kutoka katika tangazo la ofisi ya bara. Usaili nao uliwekwa saa mbili asubuhi mjini Lamu. Anayetoka Faza kwa boti hupita mkondo wa Mkanda, ambao maji yakipwa haupitiki vizuri, kwa hiyo saa ya kufika haiamui yeye. Siku ile maji yalijaa karibu na adhuhuri. Vijana wawili walifika baada ya meza kuondolewa, na katika jalada wakaandikwa "hawakuhudhuria". Nilitia saini karatasi ile pamoja na wenzangu.

Tulipofuta sharti la leseni na kupanga saa kwa kufuata maji, waombaji wa visiwani waliofikia kiwango waliongezeka bila ya sisi kumpendelea yeyote. Ningemshauri kila mwajiri aanze hapo, asome masharti yake moja baada ya jingine na kujiuliza ni kazi gani hasa itakayoharibika sharti hilo likiondolewa.

Jambo jingine ni hesabu. Nimeona ripoti iliyosema kwamba nusu ya wafanyakazi ni wenyeji, na kila neno lilikuwa kweli, ila nusu hiyo ilikuwa mabawabu, wapishi, wafagizi na manahodha wa boti. Mezani penye maamuzi hapakuwa na hata mmoja. Dada mmoja alihesabiwa mara tatu, kama mwanamke, kama kijana na kama Mbajuni, yaani mtu wa kabila la wenyeji wa visiwani, na nafasi tatu zikaonekana zimejazwa. Ukiletewa takwimu za mgao, omba zigawanywe kwa ngazi ya mshahara kabla ya kuzisifu.

Wanaoupinga mgao hunitajia Marekani, ambako mwaka 1978 Mahakama ya Juu ilikataa mpango wa chuo cha udaktari cha Davis, California, uliotenga nafasi 16 kati ya 100 kwa waombaji wa jamii za wachache. Ni kweli. Lakini hilo lilikuwa shauri la kuingia chuoni, na Katiba yetu, tofauti na yao, inaiagiza serikali waziwazi ichukue hatua za kurekebisha hasara ya ubaguzi uliopita. Hukumu ya kule haiwezi kuhamishwa hapa kama mzigo wa jahazi.

Lililobaki kunisumbua si la mahakama. Kijana mmoja wa Mpeketoni, makazi ya Lamu bara ambako serikali iliwapa ardhi watu kutoka sehemu nyingine za nchi, alikosa nafasi iliyotengewa wenyeji, ingawa alimzidi aliyechukuliwa kwa alama mbili na wote wawili walikuwa wamefikia kiwango. Nilikutana naye kwenye jeti ya Mokowe, nikamweleza ukweli wote, pamoja na alama zake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema: "Bi, mimi nimezaliwa hapa, na baba yangu aliletwa akiwa mtoto wa kubebwa. Nitakuwa mwenyeji lini?" Boti yangu ilikuwa inaita abiria. Nilimwambia nitaliuliza swali hilo ofisini, nikaliuliza, na fomu yetu bado ina visanduku viwili: mwenyeji na asiye mwenyeji.