Hadithi Tisa, Nyota Moja: Majibu kwa Waandishi Wanaojichapishia

Barua nyingi zilizofika safari hii zimetoka kwa waandishi wanaojichapishia ambao wameungana, sita, saba, hata kumi, kutoa diwani moja ya hadithi fupi. Sababu haihitaji mganga. Gharama ya mhariri, msanifu wa jalada na mpiga chapa ikigawanywa huuma kidogo, na kila mmoja huja na wasomaji wake. Kizaazaa huanza pesa zikiingia na maoni ya wasomaji yakianza kuchomoza. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha.

SWALI: Salamu, Mwalimu. Tuko waandishi saba wa mitaa ya Umoja na Kayole, Nairobi. Tumechanga pesa na tutagawana faida sawa kwa sawa. Mmoja wetu ana akaunti ya Amazon, kwa hiyo kitabu cha kielektroniki kitawekwa kwake. Je, kuna haja ya mkataba? Sisi ni marafiki wa muda mrefu.

JIBU: Andikeni, tena andikeni kwa sababu ni marafiki. Mali bila daftari huisha bila habari, na hiyo habari ikikosekana urafiki ndio hulipia.

Kwanza kubalianeni faida ni nini. Nitatoa hesabu ya mfano tu. Nakala inauzwa shilingi 800. Duka linachukua asilimia 30, mnabaki na 560. Kuchapa nakala moja kumewagharimu 350, inabaki 210. Mkigawanya kwa saba, kila mtu anapata shilingi 30, na hapo hamjamlipa mhariri wala bodaboda aliyepeleka katoni dukani. Kwa hiyo mkataba useme wazi: michango inarudishwa kwanza ndipo faida igawanywe, au michango ni sadaka? Kundi lisiloamua hili mapema hugombania shilingi 30.

Pili, hiyo akaunti. Amazon hulipa mwenye akaunti peke yake, haigawi mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, kati ya waandishi. Machoni pa kodi, rafiki yenu ndiye aliyepata pesa zote. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mrabaha wa nakala zinazouzwa Marekani hukatwa asilimia 30 kabla haujavuka bahari. Kinachofika kitaonekana kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kupitia PIN yake yeye, ile namba ya mlipa kodi, si yenu. Basi gawaneni kilichofika baada ya makato, naye kila mwezi atume kwenye kundi lenu la WhatsApp picha ya ripoti ya mauzo, hata mwezi ambao mauzo ni sufuri. Hasa mwezi ambao ni sufuri. Kama mnataka kumpunguzia mzigo, Draft2Digital, kampuni inayosambaza vitabu vya kielektroniki, ina mfumo wa kugawa malipo, kila mwandishi akapata fungu lake moja kwa moja.

Mweka hazina asiwe huyo huyo mwenye akaunti. Chama chochote cha akina mama wa Nairobi kinalijua hilo, sijui kwa nini waandishi tunajiona tofauti.

Wekeni pia mwisho: baada ya miaka miwili au mitatu, kitabu kitolewe sokoni au mkubaliane upya. Na andikeni nani atashika nywila mwenye akaunti akihama nchi, akiugua au akifariki. Ukurasa mmoja wenye saini saba unatosha.

SWALI: Mhariri wa diwani yetu anasema yeye ndiye aliyeomba ISBN, kwa hivyo kitabu chote ni mali yake. Nami nataka kuitumia hadithi yangu katika kitabu changu mwenyewe. Nimekwama? (Kasarani)

JIBU: Hujakwama. ISBN ni namba ya kulitambulisha toleo. Hapa Kenya hutolewa na Maktaba ya Taifa, KNLS, na toleo la karatasi huwa na yake, la kielektroniki na yake. Haimpi mtu umiliki wa hadithi ya mwenzake.

Hadithi ni yako tangu ulipoiandika. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inataka kuhamisha hakimiliki, au kutoa leseni ya kipekee, kufanywe kwa maandishi yenye saini. Tafuta kwenye barua pepe zako. Kama hukusaini chochote, hakuna ulichotoa isipokuwa ruhusa ya kuichapa hadithi yako kwenye diwani hiyo. Kusajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si lazima ili uwe na haki, ila cheti chake ni ushahidi mzuri siku ya ubishi.

Mhariri naye ana chake: dibaji aliyoiandika, uteuzi na mpangilio wa diwani. Usichukue kurasa zake zilivyo ukazibandika kwako. Chukua mswada wako, na kwenye ukurasa wa hakimiliki utaje hadithi ilitoka wapi mara ya kwanza.

SWALI: Msomaji ametupa nyota moja kwenye Goodreads, tovuti ambako wasomaji hukadiria vitabu. Maoni yake yote ni haya: "Kila nikianza kunogewa, hadithi inaisha." Mwalimu, si ndiyo hadithi fupi ilivyo? Wenzangu wananizuia nisimjibu. (Lang'ata)

JIBU: Endelea kuzuiwa. Ndiyo, ndivyo hadithi fupi ilivyo, na jibu hilo libaki kati yangu na wewe.

Huyo mtu alinunua riwaya. Kitabu chenu ndicho kilichomwambia ni riwaya. Umenitumia jalada, nimeliangalia. Mbele kuna mwanamke mmoja ameinamisha kichwa, na jina la kitabu. Yale maneno "na Hadithi Nyingine", ambayo kila aliyepita shule ya upili Kenya anayajua kutokana na diwani za mtihani, hayapo. Nyuma mmeandika: "Safari ya kusisimua ya mapenzi, usaliti na matumaini itakayokuacha ukitaka zaidi." Basi ameachwa akitaka zaidi, akalalamika.

Mimi ningeandika hivi: "Hadithi tisa za Nairobi baada ya saa sita usiku. Iliyo ndefu kuliko zote utaimaliza kabla matatu haijafika Rongai." Aliyetaka riwaya atapita. Aliyetaka kitu cha kusoma kwenye foleni ya magari atatoa simu alipe. Nyota moja nyingi za aina hii huzaliwa siku ya kuandika jalada la nyuma, wakati kila mtu amechoka na mpiga chapa wa River Road anapiga simu kuuliza faili iko wapi.

Jambo jingine. Kwenye Kindle, yaani vitabu vya kielektroniki vya Amazon, msomaji huonjeshwa sehemu ya mwanzo bure, takriban asilimia 10 ya kitabu. Nimefungua yenu: jina, hakimiliki, yaliyomo, dibaji ya kurasa sita, halafu shukrani za waandishi tisa, kila mmoja akimshukuru Mungu, mama na mwalimu wa Kiswahili wa darasa la saba. Onjo limeisha kabla hadithi haijaanza! Pelekeni shukrani nyuma. Na hadithi ya kwanza iwe ile inayomshika mtu kola, si ile ya mwenyekiti wa kundi.

Kuhusu kujibu: Goodreads yenyewe huwashauri waandishi wasijibu maoni mabaya, na Amazon iliondoa nafasi ya kujibizana chini ya maoni mwishoni mwa 2020. Mwandishi akibishana na msomaji hadharani, watazamaji humtetea msomaji hata akiwa amekosea.

SWALI: Nyota moja nyingine: "Kifurushi kilichelewa, kikafika kona zimelowa." Tufanyeje?

JIBU: Ikiwa ni Amazon, ripoti. Kanuni zao haziruhusu maoni ya kitabu kuwa malalamiko ya usafirishaji. Ikiwa mlimuuzia wenyewe na maoni yako kwenye ukurasa wenu wa Facebook, mtumieni nakala kavu, mwombeni radhi, na msitaje nyota.

SWALI: Diwani yetu imeuzika vizuri kwenye maduka ya Moi Avenue na kwenye maonyesho ya vitabu ya Sarit, lakini Amazon hatuna maoni hata moja. Mwenzetu anapendekeza kila mmoja awaombe shangazi na binamu watupe nyota tano, nasi wenyewe tupeane. Ni vibaya? (South B)

JIBU: Ni vibaya na ni hatari. Amazon hairuhusu mwandishi kukipa maoni kitabu chake, wala ndugu zake. Nanyi nyote majina yenu yamo humo, kwa hiyo mnajisifu wenyewe. Wakigundua hufuta maoni, na wanaweza kuifunga akaunti, ambayo ni ya mtu mmoja na inabeba kitabu cha wote.

Ukimya huo una sababu ambayo haihusiani na ubora wa hadithi zenu. Ili mtu aandike maoni Amazon ya Marekani ni lazima awe ametumia angalau dola 50 kwao kwa kadi katika miezi 12 iliyopita. Msomaji wako aliyelipa kwa M-Pesa Moi Avenue hana sifa hiyo hata akiwa amekipenda kitabu hadi amekikariri. Goodreads haina sharti hilo. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu wekeni mstari mmoja: "Hadithi ipi imekukaa? Tuandikie," na mwonyeshe pa kuandikia. Gaweni pia nakala chache kwa vikundi vya wasomaji, bila kuwaambia waseme nini.

SWALI: Mhakiki anayefuatwa na wengi amesema diwani yetu ni nzuri "isipokuwa hadithi ya tatu, ambapo mhusika anakufa bila sababu". Ya tatu ni yangu, na mhusika hafi. Amepanda basi la usiku kwenda Busia akaacha simu nyumbani! Wenzangu wanataka kuitoa hadithi hiyo kwenye toleo la pili. (Zimmerman)

JIBU: Nimeisoma. Mhusika hafi, naona basi, naona Busia. Ila aya ya mwisho inasema "hakuonekana tena", na basi lenyewe lilitajwa kurasa nne nyuma, katikati ya ugomvi wa kodi ya nyumba. Wape watu watatu wasiokujua, waulize tu mwishoni kunatokea nini. Wawili wakisema amekufa, rekebisha sentensi moja, isizidi hapo: tiketi mfukoni itatosha. Wote watatu wakiliona basi, mhakiki alikuwa na haraka, na hilo huwapata wahakiki pia.

Wenzako ndio wanaonikera zaidi. Mtu mmoja amesoma vibaya, na kundi zima limekimbilia wembe. Leo inatoka ya tatu. Maoni mengine yakija, itatoka ya saba, na mwishowe mtabaki na dibaji. Waulize mkataba unasemaje kuhusu kutoa hadithi, na mchango wako wa kuchapa utarudije. Kama hakuna mkataba, rudi juu usome jibu la kwanza.

SWALI: Msomaji wa Mombasa ameandika kwamba kitabu chetu "si Kiswahili" kwa sababu wahusika wetu wa Eastlands wanaongea Sheng, na kwamba ngeli zetu zimekosewa. Tumeudhika. Tumjibu kwa makala? (Buruburu)

JIBU: Makala hapana. Lakini msimpuuze, kwa sababu nusu ya anachosema ina uzito.

Wahusika wana haki ya lugha yao. Makanga wa Buruburu akizungumza kama khatibu wa Lamu, msomaji wa Nairobi atafunga kitabu. Tatizo lenu liko kwa msimulizi. Katika hadithi ya pili, aya moja msimulizi anasema kijana "alibonga", inayofuata "akanena". Huyo msimulizi ni nani? Amueni. Akiwa kijana wa mtaa, abonge mwanzo hadi mwisho. Akiwa mtu mwingine, Sheng ibaki ndani ya alama za kunukuu.

Halafu kumbukeni kitabu cha Kiswahili kinaweza kusomwa Tanga na Mwanza, na Sheng huchuja haraka hata hapa kwetu. Dawa si kuweka faharasa nyuma, haifunguliwi na mtu. Acheni tendo lifafanue: "'Sina ganji,' akasema, akigeuza mifuko ya suruali nje." Msomaji wa Tanga ameshaelewa na hajasimamishwa.

Na zile ngeli alizowanyooshea kidole, hapo amewashika. Mhusika aseme "gari yangu", ndivyo tunavyosema mjini. Msimulizi wenu sanifu aandike "gari langu". Rekebisheni kimya kimya kwenye faili. Mkikutana naye siku moja, mshukuruni.

SWALI: Kuna mtu anadai hadharani kwamba hadithi yangu kwenye diwani nimeiiba, na amenukuu aya yangu nzima kuthibitisha. Si kweli. Hapa pia ninyamaze? (Rongai)

JIBU: Hapa usinyamaze. Kusema hadithi inachosha ni maoni, kusema umeiba ni tuhuma, na inawachafua wote walio kwenye jalada. Waambie wenzako leo, kabla hawajasikia mtaani.

Kuinukuu aya yako si kosa. Sheria inaruhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki mradi mwandishi atajwe, kwa hiyo usipoteze nguvu hapo. Mwombe akuonyeshe hadithi anayosema umeiba. Ikiwa kinachofanana ni kisa tu, yaani yaya anayemjua mwajiri kuliko mkewe anavyomjua, hapo hapana wizi. Hakimiliki hulinda namna ulivyoandika, si wazo, na kisa hicho kila mtaa unacho. Kusanya rasimu zako zenye tarehe, barua pepe ulizomtumia mhariri, na picha za daftari kama uliandika kwa mkono. Mwandikie faraghani mara moja, sentensi chache, ukiambatisha rasimu ya kwanza, umpe siku saba aondoe dai hilo. Asipoondoa, ripoti kwa wenye jukwaa, na kundi litoe taarifa fupi kwa sauti moja, isiyo na tusi wala jina lake. Akiendelea baada ya hapo, mtafute wakili, na gharama hiyo iamueni mapema kama ni yako au ya kundi zima.