Gari ya kwanza ya familia, kadi iandikwe jina lako

Mwezi huu maswali ya magari yamekuwa mengi na karibu yote yametoka kwa vijana wanaonunua gari ya kwanza kwa ajili ya nyumbani, sio ya kutembelea mjini. Nimechukua matatu. La kwanza nimelijibu kwa urefu mana naona limebeba mambo ya wengi.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni binti wa miaka 23, naishi Sakina hapa Arusha na wadogo zangu wawili, leseni nimepata mwaka jana mwezi wa tisa. Mama yuko Kibosho, magoti yanamsumbua na kila baada ya wiki mbili lazima afike hospitali ya KCMC, Moshi, sasa hivi anashuka na bodaboda mpaka barabarani alafu anagombania daladala, kwakweli anateseka. Nimejibana, nimetoa na hisa zangu za vikoba, nina milioni 13. Fundi wangu anasema nichukue Toyota Wish, baba mdogo anasema Noah, na tena baba mdogo anataka kadi na bima viandikwe jina lake, anadai kwa umri wangu bima itakuwa bei mbaya sana. Ni kweli? Na bima ndogo si inatosha tu? (Msomaji, Sakina)

JIBU: Marahaba mpwa wangu, na pole kwa kumuuguza mama. Naanza na la baba mdogo mana hapo ndo naona hatari kubwa kuliko hata injini.

Hilo la umri amelisikia mahali lakini kalichukua juu juu. Kuna nchi, Uingereza kwa mfano, kijana wa miaka 23 analipa bima kubwa kuliko baba yake kwa gari ileile, hiyo ni kweli kabisa. Kwetu hapa hesabu inaanza na thamani ya gari. Bima kubwa ya gari binafsi, ile inayolipa mpaka gari yako mwenyewe, kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, juu yake VAT asilimia 18. Bima ndogo ni shilingi 100,000, na VAT inakuwa 118,000, uwe na miaka 23 au 60. Umri unakuja kukubana sehemu nyingine, kwenye eksesi, yaani kile kiasi unachobeba wewe mwenyewe ndo kampuni ilipe kinachobaki. Mikataba mingi ina kipengele kwamba dereva kijana au mwenye leseni changa anabeba eksesi kubwa zaidi. Kimeandikwa herufi ndogo kurasa za ndani, sasa kabla hujalipa mwambie wakala akuonyeshe kwa kidole, hiki hapa, na akutajie kwa leseni yako ya mwaka jana utabeba kiasi gani. Kampuni zinatofautiana kwenye hilo kwa hiyo zungukia hata tatu.

Sasa ukiandika jina la baba mdogo nini kinatokea. Fomu ya kuombea bima inauliza gari ni ya nani na nani ataiendesha. Mkiandika yeye, na kila siku unaendesha wewe, hiyo ni taarifa ya uongo, na siku ukigonga kampuni inapeleka mpelelezi, anauliza majirani maswali mawili tu, gari inalala wapi na anaendesha nani. Madai yanakataliwa hapohapo na ada yote uliyolipa imekwenda. Alafu kuna hili ambalo hatupendi kulisema kwenye familia: kadi ikiwa na jina lake gari inahesabika ni yake. Akipata shida ya mkopo, au Mungu akamchukua, hiyo gari inaingia kwenye mirathi na watoto wake, na wewe na vikoba vyako utabaki kueleza kikao kwa kikao kwamba hela ilikuwa yako. Mheshimu baba yako, mwambie kwa upole kwamba unahitaji awe shahidi kwenye mkataba wa mauziano, apige sahihi mbele ya wakili. Hiyo nafasi ni kubwa na inamstahili. Wewe uwe na TIN yako na kadi itoke kwa jina lako.

Kwenye aina ya gari, fundi na baba mdogo wote wamekutajia gari nzuri ila hawakumfikiria mama. Fikiria goti lake linavyoingia kwenye gari. Noah iko juu, lazima akanyage ngazi ajivute. Wish iko chini vizuri na ina viti saba, ila nyingi zina injini ya 1ZZ na zile za mwanzo mwanzo zinajulikana kwa kunywa oili, na zile za cc 2000 za D4, yaani zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hazitaki kabisa mafuta machafu. Ningekuwa mimi ningetafuta Raum ile ya toleo la pili, ilianza kutengenezwa 2003. Upande wa kushoto, ukifungua mlango wa mbele na ukatelezesha wa nyuma, katikati hakuna nguzo, uwazi ni mmoja mpana na sakafu iko chini, mama anakaa kwanza makalio yakiwa kwenye kiti, alafu anaingiza mguu mmoja mmoja bila kujipinda. Injini yake ni 1NZ ya cc 1500, ileile iliyoko kwenye IST nyingi, vipuri vimejaa kila duka la spea na inatumia cheni, sio mkanda wa taimingi. Ukikosa Raum tafuta Sienta, ina milango ya kutelezesha na viti saba. Ila usisombe watu tisa ukasema si ni gari ya familia.

Lakini mpwa wangu, Raum mbovu itakutesa kuliko Wish nzima. Kwa hiyo ukishaipata weka nguvu kwenye kuikagua. Nenda asubuhi saa kumi na mbili na nusu na umwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Ukifika kabla hata ya salamu ndefu weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto ameshaipasha, rudi siku nyingine, mana gari yenye shida inaficha shida ikiwa ya moto. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili, kigeuze uangalie chini yake. Ukiona ute mzito rangi ya chai ya maziwa, inawezekana maji na oili vimekutana. Kwenye baridi yetu ya Juni na Julai ute kidogo unaweza kuwa unyevu tu, sasa chomoa na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na yenyewe ikiwa na rangi hiyohiyo basi gasketi ya silinda hedi imekufa, funga boneti, shukuru, ondoka. Alafu iwashwe mtu akiwa amesimama nyuma. Moshi wa bluu inachoma oili. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, inachoma maji.

Usiijaribu kwenye lami ya Sakina kwenda Tengeru, pale kila gari ni nzuri. Ipeleke Moshi, uipandishe Kibosho mpaka nyumbani kwa mama, AC ikiwa imewashwa na watu wanne ndani, kwa sababu ndo kazi utakayoipa. Angalia joto la injini linavyokwenda ukiwa mlimani. Ukiwa umesimama toa kwenye P weka D, alafu R, kama inashtuka kama imepigwa teke giaboksi imechoka. Kwenye mashimo zima redio usikilize kama bushi na boljointi za miguu ya gari zinagonga. Na wakati wa kushuka usitumie breki tu, weka gia ndogo, hilo ni la leseni changa, ile miteremko imechoma breki za wengi.

Kaa ndani uangalie kwa utulivu. Vioo vyote kwenye kona vina nembo ya kiwanda, kimoja kikiwa tofauti uliza kilivunjikaje. Vuta mikanda yote mpaka mwisho, ule wa nyuma katikati pia, mana hapo ndo mdogo wako atakaa. Tairi zina tarakimu nne pembeni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, hapo kashata, yaani meno ya tairi, bado ni ndefu lakini mpira umeshakuwa mzee. Maili kwenye dashbodi usiziamini peke yake, angalia pedali ya breki na usukani. Dashbodi inasema kilomita 70,000 na pedali imelika mpaka chuma, unajua kuna mtu kaichezea.

Karatasi usizionee aibu. Kadi iwe halisi sio kopi, namba ya chesisi uisome kwenye gari herufi kwa herufi, na jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Madalali wa yadi wanapenda kusema mwenyewe yuko Dar, sasa aje au alete hati ya uwakilishi iliyopita kwa wakili. Kwa namba ya gari angalia madeni ya trafiki, notifikesheni moja, yaani faini ya trafiki, ni 30,000 na kuna gari zina kumi na tano, na deni la maegesho la TARURA. Hayo yote yanafuata gari, hayamfuati aliyeegesha. Ada ya kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu mkubaliane kabla nani analipa.

Sasa bima ndogo au kubwa. Bima ndogo sheria inakulazimisha, na inamlipa uliyemuumiza na kile ulichoharibu cha mwenzio. Gari yako haimo. Wewe una leseni changa, hela yote uliyonayo duniani iko kwenye hiyo gari na mama anaitegemea kwa matibabu. Weka bima kubwa. Kwa hiyo usinunue gari ya milioni 13, nunua ya 11. Asilimia 3.5 ni 385,000, na VAT inafika 454,300. Kinachobaki ni cha kuhamisha kadi, oili, filta na tairi mbili. Uliza pia kabla hujatoa hela kama kampuni inaipa bima kubwa gari ya umri huo, mana zingine zinasita.

Na tafadhali thamani iandike ya kweli. Kuna watu wanashusha ili walipe kidogo. Gari ya milioni 12 ukiikatia bima ya milioni 6 umekata nusu, siku ukipata hasara ya milioni 3 wanakulipa nusu, milioni moja na nusu, na eksesi bado wanaitoa humo.

SWALI: Mjomba habari, niko Pasua Moshi, nina Noah namba ya njano, bima kubwa. Desemba na wikendi nabeba watu Moshi Arusha wananichangia mafuta. Nikipata ajali si nalipwa? (Kijana wa Pasua)

JIBU: Hapana. Bima yako ni ya matumizi binafsi na hao sio wageni wako, ni abiria wanaolipa, hata ukiita mchango. Ukipata ajali ukiwa umewabeba, kampuni ina sababu kamili ya kukataa. Na leseni ya daraja B haikuruhusu kubeba abiria wa kulipa. Naelewa mafuta yamepanda na Desemba watu wanajazana stendi, najua ushawishi ulivyo, ila una roho saba nyuma yako. Kama unataka hiyo kazi ifanye kwa haki, badili namba iwe nyeupe, pata kibali cha kubeba abiria LATRA, daraja sahihi la leseni na bima ya biashara. Kama hutaki hayo yote basi acha kuanzia wikendi hii.

SWALI: Anko, nanunua IST Usa River, muuzaji anasema bima bado ina miezi nane kwa hiyo nisikate nyingine. Sawa? (Usa River)

JIBU: Usikubali, hili lilinikuta mimi. Mwaka 2012 nilinunua gari nikaambiwa hivyohivyo, stika iko kiooni, inang'aa, nikaona nimepata nafuu. Wiki ya tatu maeneo ya Bomang'ombe mvua inanyesha nikaigonga pikapu kwa nyuma. Nilipofika kwenye kampuni ya bima yule dada aliangalia karatasi akaniuliza taratibu, huyu aliyeandikwa hapa ni nani yako? Mkataba ulikuwa kati yao na aliyeniuzia, na yeye alishauza, haikuwa na maana tena. Pikapu niliitengeneza kwa hela yangu miezi sita, ni hela tuliyokuwa tunamalizia nayo chumba cha watoto, na mke wangu hakusema neno hata siku moja, hilo liliniuma zaidi.

Bima haihami na gari. Siku unayolipa gari ndo siku unayokata bima kwa jina lako, kabla hujaitoa pale kwake, na siku hizi stika inatoka hata ofisini kwa wakala dakika chache tu. Alafu usiishie kuitazama stika, ingia kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, uweke namba ya gari, usome jina, aina ya bima na tarehe ya mwisho. Ukimaliza hiyo ya kwako, iangalie na ile ya muuzaji anayosema ina miezi nane.