Ukuta wa mawe na chokaa usiupige simenti, tafuta maji kwanza

Mkuu simama hapo hapo, usinunue hata mfuko mmoja. Umesema nyumba ni ya zamani, kuta za mawe na chokaa, chini kuna unyevu, ufa umeanzia kona ya dirisha, na fundi kakwambia bandua lipu yote, funga wavu wa chuma, piga simenti nje na ndani ili nyumba "ikaze". Mimi nilifanya hivyo hivyo, mpaka huo wavu.

Mwanzoni ilipendeza, ukuta umenyooka nikawa nikipita naupapasa. Mvua zilipoanza nikaona unga mweupe unatoka chini, nikigonga kwa kiganja ukuta unalia kama debe tupu, halafu siku moja kikadondoka kipande cha lipu kirefu kunizidi, kikaondoka na nyuso za mawe. Nyuma yake chokaa ilikuwa imelowa, unaichota kwa kidole kama mchanga wa ufukweni. Nikapanda kuangalia boriti pale zinapoingia ukutani, nikachomeka bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Boriti hizo nilizikagua mwenyewe kabla ya kazi, zilikuwa nzima kabisa!! Nilizozibadilisha ni saba, na kila moja ilibidi dari ishikiliwe kwa nguzo za muda.

Ukuta wa chokaa unapumua. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanatokea usoni, yanakauka. Ukiuziba kwa simenti maji hayaachi kupanda, yanakosa pa kutokea tu, basi yanapanda juu zaidi yanakwenda kwenye mbao, na chumvi inaganda nyuma ya lipu inaisukuma. Tena simenti ni ngumu na ukuta ni laini, jengo likicheza kidogo kinachovunjika ni jiwe. Na fundi wangu alijua nyumba ni ya chokaa, aliikwangua kwa mikono yake! Nilipomuita akasema simenti ilikuwa kidogo, tuongeze. Tuongeze!

Kwa hiyo maji kwanza, nguvu baadaye. Angalia mifereji ya paa, angalia kama udongo wa nje umepanda kuliko sakafu ya ndani, angalia bomba linalovuja. Ondoa hicho chanzo uache ukuta ukauke, na usiwe na haraka maana ukuta mnene unachukua miezi mingi. Wakati unasubiri, bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa jasi, andika tarehe pembeni. Kikipasuka ufa bado unatembea, hapo muite injinia aangalie msingi kabla hujaziba chochote. Kikibaki kizima, shona ufa kwa mawe na chokaa, jaza matundu ya ndani kwa uji wa chokaa, kisha lipu ya chokaa kwa tabaka nyembamba, unairashia maji isikauke ghafla.

Uliuliza na habari ya mazingira. Simenti inachomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,450, chokaa kama 900, na chokaa ikikomaa inarudisha sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoa. Ila mimi nilipoteza simenti bure, nikaibomoa nikaitupa, na juu ya hapo mbao zilizokuwa nzima zikaoza.

Mvua ikinyesha toka nje na tochi uone maji ya paa yanaangukia wapi, upige picha uweke hapa kabla fundi hajaja.