Chombo si kibovu: kwa anayeanza gemu za mbio za vyombo vya kuelea

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 13. Likizo ya Juni alikuja kukaa kwangu hapa Tanga, akaikuta BallisticNG, gemu ya mbio za vyombo vinavyoelea hewani, kwenye kompyuta yangu, akaomba aijaribu. Hazikupita dakika kumi nikamsikia anasonya.

"Shangazi, hiki chombo kibovu. Nakata kona, chenyewe kinakwenda ukutani."

"Si kibovu, baba. Umechelewa."

"Nimechelewa wapi? Nimekata palepale kwenye kona!"

Palepale kwenye kona. Hapo ndipo wanapokwama karibu wote ninaowaona wakianza gemu hizi, na ndipo nilipokwama mimi, zaidi ya miaka 20 iliyopita. Wengi huacha siku hiyohiyo na kurudi kwenye gemu za magari, na huwa inaniuma, kwa sababu kilichobaki kati yao na raha ya gemu hii ni kitu kimoja tu cha kuelewa.

Gari lina matairi. Ukizungusha usukani, mpira unaishika lami na gari zima linafuata. Chombo cha kuelea hakishiki kitu. Ukiigeuza pua kushoto, pua inageuka kweli, lakini mwili bado una safari yake ya awali, unaendelea kule ulikokuwa unakwenda, ubavu ukiwa mbele. Aliyewahi kupanda ngalawa anaijua hali hii. Babu yetu alikuwa mvuvi wa Sahare, na wakati wa kurudi pwani alianza kuusukuma usukani mapema mno, sisi watoto tukidhani amekosea, kisha chombo kikaja chenyewe na kutulia mchangani pale alipotaka. Hata hovakrafti za kweli, zile zinazokwenda juu ya mto wa hewa, zina tabia hiyohiyo. Ya kwanza kuvuka mlango-bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, SRN1, ilitoka Calais hadi Dover tarehe 25 Julai 1959, na zilizokuja baada yake zilivusha abiria na magari yao hapo hadi mwaka 2000. Nahodha wake alipaswa kuanza kugeuza mapema na kuuhesabu upepo wa ubavuni, maana chini yake hapakuwa na cha kumshika.

Kwa hiyo usiendeshe. Ongoza, kama nahodha.

Mimi nilianzia Wipeout 2097, gemu ya PlayStation ya mbio za aina hii, kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu Chumbageni. Kilikuwa na televisheni nne. Tatu zilikuwa za mpira tangu asubuhi hadi usiku, na foleni yake haikwisha. Ya nne, ya pembeni, ilikuwa na mbio, na kwa kuwa msichana akiingia pale aliangaliwa mara mbili, mimi nilikaa kwenye hiyo ambayo hakuna aliyeigombania. Sikujua wakati ule kwamba nimekalia kazi ya mikono mikubwa. Wipeout ya kwanza ilitoka mwaka 1995, ikatengenezwa na Psygnosis wa Liverpool, na nembo za timu zake zilichorwa na The Designers Republic wa Sheffield. Ile ya 2097 ilifuata mwaka 1996. Tofauti yao ambayo mgeni ataihisi kwanza ni ukuta: kwenye ya kwanza ukiugusa karibu unasimama kabisa, kwenye ya pili unaukwaruza na kuendelea. Ukitaka kurudi nyuma kuzionja za zamani, anza na 2097. Ya kwanza itakukatisha tamaa kabla hujafundishika.

Kwa wiki kadhaa niliingia kwenye mbio kamili, na vyombo vingine na makombora, nikashika nafasi za mwisho. Siku moja mwenye kibanda, kijana mpole sana, alichukua pedi mkononi mwangu akaniwekea mbio za peke yangu, mimi na saa tu. Nililalamika kwamba nimelipia mbio za kweli. Akaniambia, "Dada, unapigana na watu kabla hujaijua njia."

Tangu siku hiyo ushauri wangu wa kwanza haujabadilika. Kimbia na saa, peke yako, daraja la chini kabisa la kasi: Vector kwenye 2097, Toxic kwenye BallisticNG. Chagua njia moja na usiihame kwa siku kadhaa. Mimi nilibaki Talon's Reach, ile ya Kanada, mpaka nikawa naiona nikifumba macho. Saa yenyewe usiitazame mwanzoni. Hesabu umegusa ukuta mara ngapi kwa mzunguko. Zikiwa nane leo, kesho zitafute ziwe sita. Muda utashuka wenyewe, kwa sababu kila mguso unakunyang'anya mwendo ambao utaulipia hadi mwisho wa sehemu iliyonyooka inayofuata.

Sasa kona.

Breki za hewa ziko mbili, ya kushoto na ya kulia. Kwenye PlayStation ni L2 na R2. Kitazame chombo kwa nyuma utaona bamba likifunguka upande uliobonyeza. Bamba hilo linakinga upepo, upande ule unazuiwa, na pua inavutwa kuelekea huko. Mgeni akishagundua hivyo anafurahi, anaibana breki tangu mwanzo wa kona hadi mwisho. Matokeo ni mawili: ama chombo kinapinda kupita kiasi na kugonga ukuta wa ndani, ama kinatoka kwenye kona kimechoka, na wenzake wanampita kama amesimama. Kwa hiyo anza kwa usukani mtupu, kabla ya kona, wakati njia iliyo mbele yako bado imenyooka. Utahisi unakwenda kuupiga ukuta wa ndani. Vumilia. Chombo kinateleza nje huku kona inakuja kukipokea. Hapo katikati gusa breki, achia, gusa tena kama inahitajika. Na iachie kabisa mara tu pua inapoelekea unakotokea, hata kama mwili bado unateleza ubavu. Mtelezo huo utakwisha wenyewe.

Swali linalofuata ni uanze wapi hasa. Macho peke yake hayatoshi, kwa sababu kwenye kasi kubwa kona inafika kabla hujaamua. Itafutie kila kona alama: bango, taa, mahali rangi ya ukuta inapobadilika. Mimi nilizitaja kwa sauti nikicheza, "bango, sasa," na watu wa kwenye mpira walikuwa wanageuka kunitazama. Ukigonga ukuta wa nje, alama yako imechelewa, isogeze nyuma. Ukigonga wa ndani, umewahi. Fanya hivyo kona moja baada ya nyingine na usirekebishe mbili kwa pamoja, utachanganyikiwa usijue ipi imekuponza. Na wakati wote tazama mbali, mwisho kabisa wa njia unaoonekana, usiitazame pua. Ndiyo maana napenda kamera ya ndani, ile isiyokionyesha chombo chako. Siku mbili za mwanzo inatisha, halafu huwezi kurudi nje.

Kona mbili zinazofuatana kwa kupishana, kushoto kisha kulia, zina hesabu yake. Ukiifaidi ya kwanza mpaka mwisho, utaingia ya pili ukiwa umekaa upande mbaya. Kubali kuikata ile ya kwanza polepole kidogo, ili ya pili uianze ukiwa umeshajipanga. Kinachohesabika ni mwendo unaotoka nao kwenye ya pili, hasa kama mbele kuna njia ndefu iliyonyooka. Na kwenye kona kali sana inatosha kuachia mafuta kidogo. Breki zote mbili kwa pamoja ziweke kwa dharura.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui hata baada ya mwezi mzima: pua inapanda na kushuka. Mshale wa juu unaishusha, wa chini unaipandisha, kama ndege. Ukiruka mteremko na kutua pua ikiwa chini, tumbo linakwaruza na mwendo unakufa. Ivute pua juu kabla ya kutua. Na ukivuka kilima kidogo, ishushe upesi ili chombo kisipae bure, maana kikiwa hewani hukigeuzi sawasawa na mabamba ya kuongeza kasi yaliyo sakafuni yanakupita.

Kuhusu chombo chenyewe, chukua kinachogeuka kwa urahisi. Kwenye Wipeout hicho ni Feisar. Qirex kina kasi kubwa lakini ni kizito, na kasi usiyoweza kuitumia kwenye kona haikusaidii.

Silaha nazitaja mwisho kwa makusudi. Tangu 2097 chombo kina nguvu inayopungua kila unapopigwa na kila unapokwaruza ukuta, ikiisha unalipuka na mbio zako zimekwisha. Karibu na mwanzo wa mzunguko kuna njia ya pembeni ya kuijaza tena. Anayeendesha kwa usafi haihitaji mara nyingi, na hapo ndipo utaona zile siku za kukimbia peke yako zilikuwa na maana gani hata vitani. Kuanzia Wipeout Pure ya mwaka 2005 njia hiyo iliondolewa, na badala yake unaweza kuinyonya silaha uliyookota ikawa nguvu badala ya kuirusha. Ninainyonya mara nyingi kuliko ninavyorusha, na ukinyang'anywa ushindi kwa kulipuka kwenye mzunguko wa mwisho, nawe utaanza.

Nikigeukia mashine: fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazopita kila sekunde, ni muhimu kuliko picha nzuri. Punguza vivuli, punguza mng'ao, punguza hata ukubwa wa picha, lakini mwendo wa picha usikwame. Kwenye televisheni, itafute hali ya gemu kwenye mipangilio. Bila hiyo baadhi huchelewesha picha, na kwenye gemu inayotaka uanze mapema, kuchelewa huko kunaharibu alama zako zote. Pedi ni bora kuliko kibodi, kwa sababu kijiti kinakuruhusu kugeuza kidogo wakati kitufe cha kibodi ni yote au hakuna. Kama una kibodi tu, cheza nayo, ila jifunze kukigonga kitufe badala ya kukikalia.

Na hili nalisema kwa uzito: gemu hizi zina mimweko mikali ya mwanga. Wipeout HD, ya mwaka 2008, ilicheleweshwa kutoka kwa sababu ilishindwa kipimo cha mwanga unaoweza kuamsha kifafa, ikabidi irekebishwe. Kama wewe au mtu wa nyumbani ana tatizo hilo, usijaribu kabla ya kuongea na daktari. Kwa wengine wote, washa taa ya chumba, kaa mbali kidogo, pumzika kila baada ya nusu saa.

Agosti 2012 Sony waliifunga ile studio ya Liverpool iliyotengeneza Wipeout, na nilihuzunika kama mtu aliyefungiwa mtaa aliokulia. Kwa hiyo BallisticNG ilipotoka rasmi mwaka 2018, kazi ya kikundi kidogo cha Neognosis waliozipenda Wipeout za zamani kama mimi, niliinunua bila kujiuliza. Haihitaji kompyuta ya gharama, na wachezaji wanatengeneza njia na vyombo vyao wenyewe na kuvigawa. Ukinunua moja tu ya kuanzia leo, nunua hiyo.

Mtoto wa kaka alikaa wiki tatu. Wiki ya kwanza alinichukia kwa kumfungia silaha. Ya pili alianza kutaja alama kwa sauti sebuleni, nami jikoni nikawa najua yuko kona gani. Siku ya mwisho kabla ya basi lake alikimbia dhidi ya kivuli changu, ule mzunguko wangu bora ambao gemu inauhifadhi na kukuonyesha ukikimbia mbele yako. Kwenye kona ndefu ya kulia mimi huanza kugeuza kwenye taa ya pili. Yeye alianza kwenye ya kwanza. Nilishaanza kumwambia, "Umewahi, baba," nikanyamaza, kwa sababu chombo kilikuwa kinakuja chenyewe, taratibu, ubavu ukiukaribia ukuta bila kuugusa, kikatoka upande wa pili mbele ya kivuli changu.

Ameondoka jana. Jioni nimeketi kuijaribu ile taa ya kwanza, na bado naugonga ukuta wa ndani.